Kelele za Pikapu ya Jirani

Kwa miaka yote tuliyokaa jirani, hakuwahi kuniuliza ninasikia nini. Wengine wote aliwauliza. Aliwauliza wenye magari, madereva, watawa, wanunuzi wa kahawa. Siku moja alimsimamisha mama aliyekuwa anapita zake na ndoo ya maji kichwani, akamwomba asikilize gari likizungushwa uwanjani na aseme limemlilia vipi. Mimi, fundi, nilikuwa nimesimama pale pale na spana mkononi. Aliniambia nisogee kidogo, namzibia upepo.

Ninaandika habari zake nikijua huenda nisimtendee haki. Nilianza kumwonea wivu mara tu nilipofungua gereji yangu Buhembe, hapa Bukoba, na wivu huo haukuisha hata alipohama. Watu wengi walimwita Mzee. Kwangu alikuwa Jirani, kwa sababu uwanja wake na wangu ulitenganishwa na ua wa mabati yaliyotoboka, na kupitia matundu yale nilimwona zaidi ya nilivyomwona ndugu yangu yeyote.

Kuuita uwanja wake gereji ni kuutukuza. Palikuwa na banda, benchi, na kiti cha gari kilichong'olewa ambacho ndicho alichokalia. Hakuwa na jeki. Kama alikuwa na spana, sikuwahi kuiona. Shati lake lilikuwa jeupe na viatu vyake viling'aa kuliko vya wateja. Jirani hakutengeneza magari. Aliyasikiliza. Mtu akiwa na gari linalogonga mbele, linalolia, linalosaga, na mafundi wawili watatu wameshabadilisha vitu bila mafanikio, alilipeleka kwake. Akishasema ugonjwa, alimtuma mwenye gari kwa fundi yeyote aliyemjia kichwani siku hiyo, na kwa kuwa mimi nilikuwa karibu, mara nyingi nilikuwa mimi. Kwa hiyo kazi zangu nyingi zilifika mlangoni zikiwa zimeshafikiriwa. Mteja aliingia na kuniambia, "Mzee amesema bushi ya nyuma ya mkono wa kulia. Badilisha hiyo tu, usiguse kingine." Hakuna sentensi niliyoichukia kama hiyo ya mwisho.

Alivyofanya kazi ilikuwa hivi. Kwanza alimkaribisha mteja benchini na kumpa akamwani, ile kahawa yetu iliyochemshwa na kukaushwa ambayo mgeni hupewa atafune. Nyumbani kwetu ni heshima ya kawaida. Kwake ilikuwa pia mbinu. Mtu mwenye gari linalopiga kelele huja na hadithi ndefu: fundi wa kwanza alisema nini, wa pili akabisha nini, shemeji yake wa Mwanza naye anaonaje. Jirani hakutaka kusikia ya mafundi. Alimimina punje kwenye kiganja cha mgeni, na mgeni, kwa adabu, alitia mdomoni na kutafuna. Mtu anayetafuna akamwani hawezi kusimulia vizuri. Hapo ndipo Jirani alipoinuka, akavua viatu vyake vinavyong'aa, akavipanga kando ya benchi, akapanda kiti cha abiria akiwa na soksi tu.

"Masikio yanasikia gari zima," alikuwa anasema. "Nyayo zinasikia mahali."

Niliona huo ni usanii. Kisha, siku uwanja wake ulipokuwa mtupu, nilivua viatu na mimi nikakaa kwenye kiti cha abiria cha gari la mteja wangu, nikamwambia mteja aendeshe taratibu. Nilisikia kila kitu kwenye nyayo zangu, na sikuelewa hata kimoja. Mteja aliniuliza kama viatu vinanibana.

Baada ya kusikiliza alimshusha mteja na kumtaka aigize. Hapa ndipo watu walipoteseka. Nakumbuka mwalimu mkuu mmoja kutoka Kashozi, mwanamke mwenye heshima zake, miwani imening'inia kifuani.

"Haya, mwalimu. Lia kama gari lako."

"Waitu, Mzee," akasihi mwalimu, "linapiga kelele tu."

"Kelele hazifanani. Hata darasani kwako hawapigi kelele ya namna moja."

Mwalimu alitazama huku na huku. Mimi nilikuwa nyuma ya mabati, jicho kwenye tundu.

"Kwi," alisema kwa sauti ndogo. "Kwii-kwi."

"Ukienda moja kwa moja, au ukikata kona?"

"Nikikata. Pale nikiingia getini shuleni."

"Ukiwa unakwenda, au umesimama unazungusha usukani tu?"

"Hata nikiwa nimesimama."

"Rudia basi, lakini sasa zungusha na mikono."

Akarudia, mikono hewani ikishika usukani ambao haupo, na safari hii alilia kwa moyo wote, mpaka watu wa duka la kando ya barabara wakageuka. Jirani alitabasamu kama mtu aliyeletewa chakula. "Beringi ya juu ya shokapu, kulia. Nenda kwa kijana wa simu hapo pembeni, atakubadilishia."

Kijana wa simu ni mimi. Ufundi nimejifundisha mwenyewe, kwa kutazama video kwenye simu na kwa kufungua vitu na kuvirudisha mpaka zisibaki bolti mkononi. Sikupita chuo, wala sikukaa chini ya fundi mkubwa. Labda ndiyo sababu siamini kazi yangu mpaka nimeikagua, na nikishaikagua siamini ukaguzi wangu. Nikikaza nati naiwekea alama ya rangi, kisha narudi kuangalia kama alama ipo. Nampigia mteja jioni kumuuliza kama gari liko kimya. Akisema liko kimya, namuuliza kama amepita kwenye mashimo. Jirani alilijua hilo, na siku moja alinitupia neno juu ya ua.

"Kijana wa simu, magari yako yanatoka mazima. Tatizo, mwenye gari anaondoka na wasiwasi uliokuwa wako."

Watu wa dukani walicheka. Nilicheka pia. Usiku ule nililala nikitunga majibu, na yote yalikuwa mazuri, na hakuna hata moja nililowahi kumpa.

Sitaki aonekane malaika wa masikio. Alikuwa na majivuno. Alipenda kusikilizwa akisikiliza. Kama uwanjani hapakuwa na watu alichelewesha jibu mpaka watu wakusanyike. Alihubiri ukimya na mwenyewe hakunyamaza tangu asubuhi mpaka jioni, isipokuwa zile dakika alizokuwa garini bila viatu. Na alikosea. Mara moja alimwambia dereva wa mchomoko, yale magari madogo yanayobeba abiria kwenda vijijini, kwamba tairodi ya kushoto, kile chuma kinachogeuza tairi, imelegea. Gari lilipofika kwangu nilipandisha jeki, nikashika tairodi, ikawa ngumu kama mfupa. Nikazungusha tairi. Beringi ya tairi ndiyo iliyokuwa imekwisha. Nilimwita Jirani aje aone. Alikuja, akainama kidogo asichafue shati, akasikiliza tairi likizunguka.

"Ndivyo nilivyosema," akasema. "Kushoto."

Akarudi kwenye kiti chake. Nilifurahia kosa lile wiki nzima, nikilikumbuka hata kanisani, wakati wa sala ya toba. Nalisema hili kwa sababu ndivyo ilivyokuwa: sikuwa nafurahi kwamba nimepatia. Nilikuwa nafurahi kwamba yeye amekosea, na hizo ni furaha mbili tofauti kabisa.

Lakini kwa kila kosa lake moja kulikuwa na siku kama ile ya mama wa ndizi wa Kaagya.

Mama huyu alikuwa na gari la kubebea ndizi, na gari lake liligonga mbele kushoto. Aliniletea mimi kwanza, moja kwa moja, bila kupitia kwa Jirani, na nilijisikia kama nimepewa cheo. Nilifungua kila kitu upande ule. Bushi zilikuwa nzima. Boljointi, ile inayoshika tairi kwenye mkono wake, haikuwa imelegea hata kidogo. Shokapu ilikuwa kavu, haivuji. Nilirudisha vyote, nikaendesha gari mpaka njia ya Kashozi na kurudi. Kimya. Nikamkabidhi. Siku ya gulio akarudi: linagonga. Nikaendesha. Kimya. Akaondoka, akarudi tena: linagonga. Nilianza kufikiri kwamba mama huyu ananichukia. Kisha nilianza kufikiri kwamba nimekuwa kiziwi, na jambo hili lilinishika sana, mpaka nikawa naweka saa ya mkononi sikioni kila asubuhi nisikie kama bado inatembea.

Safari ya mwisho Jirani alikuwa amesimama barabarani anaongea na muuza duka. Mama aliegesha nje ya uwanja wangu, akashuka, akaingia dukani kidogo, ndipo akaniletea gari ndani. Nilikuwa nimeshaanza kulipandisha jeki Jirani aliposogea.

"Mama, mundu wako ukoje?"

"Mundu upi, tata?"

"Ule uliouacha dukani sasa hivi."

Mama huyu, kama wakulima wengi, alitembea na mundu wa kupogolea migomba. Aliuweka chini ya kiti cha abiria, juu tu ya tairi la kushoto, na kila gari lilipoingia shimoni mpini ulipiga bati la sakafu. Lakini alikuwa mtu aliyelelewa vizuri. Huingii kwenye kiwanja cha mtu na chuma chenye makali. Kwa hiyo kila alipokuja kwangu alisimama kwanza nje, akauacha mundu dukani kwa heshima yangu, na gari likaingia kwangu likiwa limepona.

Waliocheka siku ile walicheka na mama, si na mimi. Yeye mwenyewe ndiye aliyecheka zaidi, ameshika kiuno. Nilikwenda nyuma ya banda nikanawa mikono ambayo haikuwa michafu. Kilichoniuma ni kwamba Jirani hakutumia masikio wala nyayo. Alitumia macho, na macho hata mimi ninayo. Nilikuwa naangalia gari tu. Sikumwangalia mama.

Sasa nifike kwenye pikapu yake, maana ndiyo iliyonishughulisha kuliko yeye mwenyewe.

Kila Jumamosi mchana Jirani alifunga banda, akaenda nyumbani kwake Muleba, kwa mke wake, na kurudi Jumatatu. Alikwenda na pikapu nyeupe ya zamani, na pikapu hiyo, gari la mtu ambaye Bukoba nzima ilimpelekea kelele zake, iligonga. Haikuficha. Ilipotoka uwanjani ilipita kwenye mtaro mdogo mbele ya gereji yangu, na pale ilitoa mlio ambao ningeweza kuutambua katikati ya harusi.

Nilimuuliza muuza duka kwa nini haitengenezi. Akasema wazee hawajitibu. Nilimuuliza dereva mmoja, akasema Mzee haisikii, mtu hasikii harufu ya nyumba yake. Majibu yote mawili yalinifurahisha, na yote mawili sikuyaamini.

Basi nikaanza kuichunguza kwa siri. Jumamosi ilipofika nilihakikisha niko karibu na mtaro, nimeinamia kitu chochote. Mwanzoni nilidhani ni boljointi, nikaogopa, kwa sababu boljointi ikikatika tairi linalala na mtu anaweza kufa. Lakini boljointi mara nyingi hulia mtu akishika breki na kukata kona, na yeye alishika breki na kukata kona mbele yangu bila mlio. Nikadhani shokapu. Lakini akipita juu ya tuta, matairi yote mawili yakipanda pamoja, pikapu ilinyamaza kabisa. Iligonga tairi moja tu likishuka na jingine likibaki juu, tena polepole. Mara mbili: pigo la kwanza kavu, la pili dogo, limechelewa kidogo kama mtu anayeitikia akiwa chumba cha nyuma. Nililala na mlio huo na kuamka nao. Mwishowe nilijua. Ilikuwa linki ya stabilaiza, kile kifimbo kifupi kinachounganisha mguu wa gari na chuma cha kuzuia gari lisilale kwenye kona. Ya kushoto, kichwa cha chini. Haiui mtu. Inapiga kelele tu.

Sijawahi kuwa na hakika na kitu namna ile. Jumamosi iliyofuata nilimsimamisha pale mtaroni.

"Shikamoo Mzee. Linki ya kushoto, kichwa cha chini. Niachie kidogo tu, nakubadilishia."

Alinitazama kupitia dirishani. Nilitegemea ashangae, au abishe, au aniulize nimejuaje. Ningeridhika na lolote kati ya hayo.

"Kijana wa simu," akasema, "hilo gari si mgonjwa."

Akaweka gia, akaondoka, na pikapu ikagonga mara mbili mbele ya miguu yangu.

Sikumsalimia vizuri kwa muda mrefu baada ya hapo. Alipohamia Muleba moja kwa moja, kwa sababu mke wake alikuwa anapoteza macho na hakutaka tena kumwacha peke yake, nilimsaidia kupakia benchi na kile kiti. Nilifikiri wivu wangu utaondoka naye kwenye pikapu. Badala yake wateja waliendelea kuja kwangu na kusema, kwa huruma, "Ingekuwa Mzee yupo."

Mwaka jana, senene walipoanza kuanguka na akina mama wanakaa vibarazani wakiwatoa mabawa, gari liliingia uwanjani kwangu nikiwa chini ya gari jingine. Sikunyanyua kichwa. Niliona viatu vinavyong'aa vikishuka.

Nilitoka chini haraka nikajigonga kichwa. Alikuwa yeye, amepungua mwili, shati jeupe lile lile. Nyuma yake ilikuwa pikapu. Ilikuwa imepita kwenye mtaro na sikuisikia.

"Imenyamaza," nikasema, hata kabla ya shikamoo.

"Imenyamazishwa." Akakaa kwenye jeki yangu kubwa kana kwamba ni kiti. "Mwanangu aliichukua, akaipeleka kwa mafundi wake, akabadilisha miguu yote ya mbele. Zawadi. Amenirudishia inatembea kama maji. Nimemshukuru sana. Nataka unirudishie kelele zangu."

Nilidhani ananitania, nikatafuta watu wa kucheka. Hapakuwa na mtu.

Akanieleza, bila kunitazama, akitazama pikapu. Nyumbani kwao kuna kijia kinachopanda kutoka barabarani, na chini yake kuna kalavati lililobomoka upande mmoja. Mke wake hukaa kibarazani. Pikapu ilipogonga pale kalavatini aliisikia, akainuka, akashika kamba aliyofungiwa kutoka mlangoni mpaka langoni, akaenda kumfungulia. Alikuwa akifanya hivyo tangu bado anaona, zamani, Jirani alipokuwa anarudi Jumamosi. Sasa haoni, na ndiyo kazi moja ambayo hakuna aliyeweza kumnyang'anya.

"Sasa naingia kama mwizi," akasema. "Namkuta amekaa. Anashtuka. Siku hizi hainuki kabisa, anasubiri tu kuguswa."

"Si upige honi, Mzee?"

"Nilipiga. Akaniambia honi hata mgeni anayo."

Akavua viatu, sijui kwa nini, akavipanga kando ya jeki. Kisha akaniuliza.

"Wewe ulikuwa unasikia nini pale mtaroni?"

Nilikuwa nimelisubiri swali hilo kwa muda mrefu kiasi kwamba nilipolisikia nilianza kulijibu vibaya. Nilianza kusema habari za linki, kichwa cha chini, mpira uliokauka. Akainua mkono.

"Hiyo najua. Hata mtoto wangu sasa anajua, kaitupa. Nakuuliza uliisikia vipi. Lia."

Sijawahi kuigiza kelele mbele ya mtu. Nilikuwa nawacheka waliofanya hivyo, kupitia tundu la bati. Nilipangusa mdomo kwa mkono wenye grisi, nikafumba macho.

"Ko," nikasema. "...ka."

"Mbali kidogo."

"Ko. ... ... ka."

Nilipofumbua macho alikuwa ameweka kiganja kifuani, na uso wake, kwa mara ya kwanza, haukuwa na majivuno. "Ndiyo hiyo," akasema. "Nilijua unaisikiliza. Kila Jumamosi umeinama pale na huna unachookota."

Mimi hutunza vipuri vilivyokwisha. Wenzangu huviuza kama vyuma chakavu, mimi huvipanga kwenye makopo, kwa sababu naogopa siku moja mtu atauliza nilitoa nini. Nilimwaga kopo la linki chini tukazichagua pamoja, nikizitikisa moja moja karibu na sikio lake. Ya kwanza tuliyoifunga ilikuwa imekwisha mno, ikalia kama sufuria. Ya pili ilitoa pigo la kwanza bila la pili. Ya tatu niliichezea, nikaipaka grisi kidogo ndani, nikafunga. Nati zake nilizikaza mpaka mwisho na kuziwekea rangi, na nikamweleza mara kadhaa kwamba hata ikikatika tairi halitoki, gari litalala tu kidogo kwenye kona, na asikimbie. Ni kazi ya kwanza maishani mwangu niliyoifanya ili kitu kiwe kibovu, na niliifanya kwa uangalifu kuliko kazi nyingine zote.

Tulipita mtaroni. Ko. Ka.

"Inafanana," nikasema.

"Mimi na wewe si wa kusema inafanana," akasema. "Mwenye masikio yuko nyumbani. Twende."

Alitangulia na pikapu, nikamfuata na gari langu mpaka Muleba. Gari langu ni dogo na la zamani, lakini halina mlio hata mmoja. Kila bushi nimeibadilisha, kila bati nimelitia mpira. Njia nzima nilikuwa naangalia tairi lake la kushoto na kuomba Mungu linki isikatike kabla ya kufika. Tuliacha lami, tukaingia kwenye migomba. Nilifungua dirisha. Mbele yangu pikapu ilishuka kalavatini upande mmoja, nami nikasikia pigo la kwanza, kisha, baada ya muda ule ule, la pili.

Nikatazama juu. Mwanamke aliyekuwa amekaa kibarazani alikuwa amesimama.

Hakuharakisha. Alishika kamba, akaja nayo mkono juu ya mkono, akafika langoni, akaondoa mti uliolifunga, akasimama pembeni, uso ameuelekeza hasa mahali dirisha la mume wake lingesimama. Jirani alizima injini.

"Umechelewa," mke wake akamwambia. "Ndizi zimeiva zamani."

"Nilikuwa Bukoba. Nilipita kwa fundi wangu."

Nililisikia neno hilo kutoka ndani ya gari langu. Fundi wangu. Niliingiza gari polepole nyuma ya pikapu, nikazima, nikashuka, nikasema, "Shikamoo mama," na yule mama akaruka, akashika kamba kwa mikono miwili.

"Huyu ametoka wapi? Kuna gari jingine?"

"Ndiye huyo fundi," akasema Jirani. "Amekuja na gari lake."

Aliponyoosha mkono nilidhani ananisalimia. Alikuwa anatafuta gari. Aligusa boneti la gari langu, likiwa bado na joto, akalipapasa kama mtu anayempapasa mtoto wa jirani asiyemjua vizuri.

"Halisemi kitu," akasema.

"Hapana, mama. Nimelitengeneza lote."

Tulikaa kibarazani. Alileta kisonzo, kikapu kidogo cha akamwani, akakiweka katikati yetu, akamimina punje kwenye kiganja cha mume wake bila kukitafuta, kisha akasubiri mimi niseme kitu ili ajue kiganja changu kiko wapi. Nikasema asante. Akanimiminia.

"Mwanangu," akaniuliza, "nyumbani kwako wanajuaje kwamba umerudi?"

Jirani alinigeukia kusikiliza. Nilitia punje zote mdomoni kwa mara moja, nikatafuna.